Padre John Kaiser na Kilio cha Kutaka Uchunguzi Huru



Sisi tunaoishi upande huu wa kusini wa Mlima Kilimanjaro huwa tunasahau kwamba mlima una mgongo pia. Mtu akipanda gari Moshi mjini, akapita Himo, akaambaa na vijiji vya Rombo hadi Tarakea, anavuka mpaka na kuingia Loitokitok. Hapo bado yuko kwenye miteremko ya mlima uleule, ila yuko Kenya, na kikanisa yuko katika Jimbo la Ngong, jimbo la Wamasai ambalo eneo lake linatandaa katika nyanda za Kajiado hadi Narok. Katika jimbo hilo jirani yetu alitumikia padre mmoja ambaye jina lake linatajwa kila mwezi wa Agosti katika parokia nyingi za Kenya, lakini huku kwetu vijana wengi hawalijui. Ndiye Padre John Anthony Kaiser, wa Shirika la Wamisionari wa Mill Hill.

Kwa ndugu mafrateri wanaojiandaa kwa daraja takatifu, na kwa waamini wanaosoma gazeti hili majumbani, tunaleta maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jinsi alivyoishi upadre wake. Ya pili ni swali lililobaki baada ya kifo chake: mtu anapouawa, na wanaotakiwa kupeleleza ni watumishi wa serikali aliyokuwa akiilaumu, nani apeleleze?

Kijana wa shambani

John Kaiser alizaliwa tarehe 29 Novemba 1932 katika jimbo la Minnesota, Marekani, kwenye familia ya Kikatoliki ya wakulima. Alikulia kwenye kazi za mikono, uvuvi na uwindaji, na mazoea hayo hayakumtoka maisha yake yote. Katika ujana wake alitumikia jeshi la nchi yake. Baada ya hapo aliitikia wito wa umisionari na kujiunga na Mill Hill, shirika lililoanzishwa mwaka 1866 huko London na Herbert Vaughan, kwa ajili ya kupeleka Injili katika nchi za mbali.

Alipewa daraja ya upadre mwaka 1964, na mwaka huohuo akatumwa Kenya, nchi iliyokuwa imepata uhuru Desemba iliyotangulia. Alipelekwa Kisii. Anayeijua Kisii atakubali kwamba Mchaga akifika huko hajioni mgeni sana: vilima vya kijani, mvua za kutosha, migomba, kahawa, na watu wengi waliobanana katika vishamba vidogo. Huko Padre Kaiser alikaa karibu miaka 30. Alijifunza lugha ya watu, alitembelea vigango vya mbali na alijenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe pamoja na waamini. Hakuwa padre wa kukaa ofisini akisubiri watu waje na bahasha. Wala hakuwa mwanasiasa. Kwa miaka hiyo yote alikuwa mmisionari wa kawaida, mchapakazi, asiyejulikana nje ya parokia zake.

Kambi ya Maela

Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Desemba 1991 Kenya ilirudisha mfumo wa vyama vingi, na mwaka uliofuata uchaguzi ulifanyika. Kabla na baada ya uchaguzi huo, mapigano yaliyoitwa ya kikabila yalizuka katika Bonde la Ufa na sehemu nyingine. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa kwa mishale na mapanga, na maelfu ya familia zilifukuzwa kwenye mashamba waliyoyanunua au kuyalima kwa miaka mingi.

Mwaka 1993 Padre Kaiser alihamia Jimbo la Ngong, chini ya Askofu Colin Davies, naye pia wa Mill Hill. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, wakazi wa Enoosupukia walishambuliwa, na maelfu ya walionusurika wakakimbilia Maela, si mbali na Naivasha. Padre Kaiser alitumwa kuwahudumia. Aliishi nao katikati ya mahema ya plastiki, matope, njaa na magonjwa ya watoto.

Yeyote aliyekulia kwenye kihamba ataelewa ubaya wa jambo hilo bila kuelezwa sana. Kwetu shamba ni makaburi ya babu na bibi, ni migomba iliyopandwa na mama, ni jina la ukoo. Mtu aliyefukuzwa kwenye shamba lake amepokonywa chakula, na pamoja na chakula amepokonywa mahali pa kusimama mbele ya wenzake.

Desemba 1994, siku za Noeli, serikali iliamua kuifunga kambi. Malori yalikuja usiku, watu wakapakiwa na kupelekwa mbali, na mabanda yakachomwa. Padre Kaiser alikataa kuondoka, akaondolewa kwa nguvu na polisi. Wanaomfahamu wanakubaliana kwamba Maela ilimbadilisha. Kabla ya hapo aliwapokea wakimbizi kama watu wa kuhurumiwa. Baada ya hapo alianza kuuliza ni nani aliyewafanya wakimbizi, na akaanza kuandika majina, tarehe na hati za mashamba.

Baadaye alipewa parokia ya Lolgorien, Transmara, kwenye nyanda za Wamasai karibu na mpaka wetu wa upande wa Mara. Huko nako aliendelea kukusanya habari za watu walionyang'anywa ardhi.

Mbele ya Tume ya Akiwumi

Mwaka 1998 serikali ya Kenya iliunda tume ya kuchunguza mapigano hayo, ikiongozwa na Jaji Akilano Akiwumi. Mwanzoni mwa mwaka 1999 Padre Kaiser alisimama mbele ya tume hiyo na kutoa ushahidi. Wengi waliokuja kabla yake walisema kwa mafumbo. Yeye alitaja watu kwa majina, wakiwamo mawaziri waliokuwa madarakani, na hakumwacha pembeni rais wa nchi wakati huo, Daniel arap Moi. Waliotajwa walikanusha. Taarifa ya tume ilikamilika mwaka huohuo wa 1999, lakini wananchi hawakuruhusiwa kuisoma hadi Oktoba 2002.

Tangu siku ya ushahidi ule padre alijua kwamba yuko hatarini. Aliwaandikia watu wake wa karibu akiwatahadharisha kwamba akitoweka au akifa ghafla, wasikubali haraka maelezo watakayopewa. Mwishoni mwa mwaka 1999 serikali ilijaribu kumfukuza nchini kwa hoja kwamba kibali chake kimekwisha muda. Maaskofu walisimama naye, ubalozi wa Marekani ukaingilia kati, na akaruhusiwa kubaki. Mwaka 2000 Chama cha Wanasheria wa Kenya kilimpa tuzo ya haki za binadamu.

Katika miezi yake ya mwisho alikuwa pia akiwasaidia wasichana wa eneo lake waliodai kudhulumiwa na kiongozi mmoja mkubwa. Kiongozi huyo alikana, na baada ya kifo cha padre kesi hiyo iliondolewa mahakamani. Hatuna sababu ya kuhukumu yale ambayo mahakama haikuyaamua. Tunachokiona ni kwamba mchungaji huyu alikuwa tayari kusimama karibu na mtu asiye na mtetezi, hata pale ambapo kufanya hivyo kulimwongezea maadui.

Agosti 2000

Katika juma la mwisho la maisha yake Padre Kaiser alisafiri kutoka Lolgorien kwenda Nairobi na Ngong. Alionekana mwenye wasiwasi na aliyekosa usingizi. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya njia kwenye njia panda ya Morendat, Naivasha, karibu na barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Pikapu yake ilikuwa hapo, na bunduki yake ya kuwindia ilikuwa karibu na mwili. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Balozi wa Baba Mtakatifu nchini Kenya, Askofu Mkuu Giovanni Tonucci, maaskofu, mapadre, watawa na umati wa waamini walimwombea Nairobi. Kisha alizikwa Lolgorien, katikati ya watu wake.

Nani apeleleze?

Hapa ndipo inapoanza sehemu ya maisha ya Padre Kaiser ambayo yeye mwenyewe hakuishi. Kwa kawaida kifo cha namna hii kinapelelezwa na polisi. Lakini polisi wa Kenya wakati ule walikuwa chini ya serikali ileile ambayo marehemu aliishtaki hadharani. Baadhi ya askari ndio waliomtoa Maela kwa nguvu. Hata kama wangefanya kazi yao kwa unyofu wote, nani angewaamini?

Wakenya walikuwa wameshajifunza swali hilo kwa uchungu. Mwezi Februari 1990 waziri wao wa mambo ya nje, Dakta Robert Ouko, aliuawa. Mwanzoni yalitolewa maelezo yaliyoelekea kusema alijiua. Watu hawakukubali, na mpelelezi John Troon wa Scotland Yard akaletwa kutoka Uingereza. Tume ya kimahakama iliyofuata ilivunjwa na rais Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo lilipokuja suala la Padre Kaiser, sauti za kutaka mpelelezi kutoka nje zilianza mapema sana, na kwa kuwa marehemu alikuwa raia wa Marekani, wapelelezi wa FBI walikuja kufanya kazi pamoja na polisi wa Kenya.

Aprili 2001 FBI walitoa taarifa yao. Walisema kwamba ushahidi waliouona ulielekea zaidi kwenye kujiua, na walitaja historia ya padre ya kusumbuliwa na msongo wa akili. Serikali iliipokea. Familia, Mill Hill na maaskofu wa Kenya waliikataa.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu mtu anaweza kudhani Kanisa lilikataa kwa ajili ya aibu, ili jina la padre lisichafuke. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya akili yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu aliyejiua, na kwamba Kanisa linawaombea watu hao bila kukatia tamaa wokovu wao. Kama Padre Kaiser angekuwa amejiua kwa sababu ya ugonjwa, tungemwombea kama mgonjwa wetu, bila aibu. Maaskofu walikataa taarifa kwa sababu waliona maswali mengi hayakujibiwa, mashahidi muhimu hawakupewa uzito, na hapakuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusimama na kumwuliza mpelelezi amefikaje alikofika.

Hilo ndilo funzo kubwa la kesi hii. FBI walikuwa wageni, wenye ujuzi na vifaa. Lakini kuwa mgeni si sawa na kuwa huru. Mgeni anahitaji mwenyeji wa kumwonyesha njia, wa kumletea mashahidi, wa kumtafsiria lugha. Shahidi mwenye hofu haongei mbele ya askari anayemwogopa, hata kama aliyeshika kalamu ametoka Washington. Na taarifa iliyoandikwa ofisini, hata iwe nzuri namna gani, haijapimwa mpaka ihojiwe.

Njia ya mahakama

Kwa hiyo ombi la Kanisa na familia lilibadilika sura. Hawakuomba tena mpelelezi mwingine wa kigeni. Waliomba suala litoke mikononi mwa polisi liwekwe mbele ya hakimu, hadharani, kwa utaratibu wa uchunguzi wa kifo unaotambuliwa na sheria ya Kenya. Katika uchunguzi huo hakuna mshtakiwa. Hakimu anatafuta kujua aliyekufa ni nani, alikufa lini, wapi na kwa namna gani, na kama kuna kosa la jinai lililotendeka. Mashahidi wanaapa, na wanahojiwa na mawakili wa pande zote, ikiwamo familia ya marehemu.

Ombi hilo halikupata nafasi hadi serikali ilipobadilika. Desemba 2002 muungano wa NARC ulishinda uchaguzi, na mwaka 2003 uchunguzi ulianza mbele ya hakimu Maureen Odero. Upande wa Kanisa na familia alisimama wakili Mbuthi Gathenji. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mwinjilisti wa Kiprotestanti aliyefariki mwaka 1969 baada ya kupigwa kwa kukataa kula kiapo cha kikabila. Alijua tangu ujana wake maana ya familia kuzika mtu wao bila kupata haki.

Uchunguzi uliendelea kwa miaka minne. Tarehe 1 Agosti 2007 hakimu alitoa uamuzi. Alikataa nadharia ya kujiua na kuona kwamba Padre Kaiser aliuawa. Aliikosoa taarifa ya FBI. Lakini pia alisema kwamba ushahidi uliokuwa mbele yake haukutosha kumnyoshea mtu kidole kwa jina, na akaelekeza upelelezi mpya ufanyike.

Uchunguzi ulimrudishia padre ukweli wa kifo chake, ila haukumpata muuaji. Miaka saba ilikuwa imepita. Alama za matairi na nyayo pale Morendat zilifutika siku zilezile za kwanza. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Na kwetu?

Ingekuwa rahisi kusoma habari hii kama jambo la upande wa pili wa mlima. Lakini Januari 2006 wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa jijini Dar es Salaam, na polisi wakatangaza kwamba waliouawa ni majambazi. Ndugu zao walikataa. Rais aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa, na tume hiyo ikaonyesha kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Maofisa wa polisi wakafikishwa mahakamani. Bila chombo kilichosimama nje ya jeshi la polisi, wale watu wangebaki majambazi kwenye kumbukumbu za nchi, na watoto wao wangeitwa watoto wa majambazi.

Tena mwaka 2023 Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza kiundwe chombo cha kitaifa cha upelelezi kinachojitegemea. Kenya nao, baada ya Katiba yao ya 2010, walianzisha mamlaka huru ya kusimamia polisi, yenye uwezo wa kuchunguza vifo vinavyohusishwa na askari. Kuomba mpelelezi asiye na upande si kuwatukana polisi. Polisi wengi ni waamini wenzetu, wanakaa kwenye benchi moja nasi siku ya Dominika. Askari mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika pale ambapo kazi inayomgusa yeye au mkubwa wake inafanywa na mwingine. Hata katika ukoo, ugomvi wa ndugu wawili hauamuliwi na mmoja wao, huitwa mzee wa pembeni.

Tujifunze nini?

Kanisa halijamtangaza Padre Kaiser kuwa shahidi wa imani, na si kazi yetu kutangulia mbele ya Kanisa. Alikuwa na udhaifu wake: mkaidi, mwenye haraka ya kusema, na aliyebeba uchovu ambao pengine ndugu zake mapadre wangeuona mapema zaidi. Frateri anayesoma hapa asiondoke na wazo kwamba upadre ni kutafuta ugomvi na wakubwa.

Aondoke na haya. Kwanza, Padre Kaiser aliandika. Alipoona uovu hakutosheka na kulalamika kwenye mahubiri. Aliweka kumbukumbu ya majina, siku na mahali, ndiyo maana ushahidi wake ulikuwa na uzito. Paroko anayejua kuandika vizuri daftari la vifo na ubatizo tayari ana nusu ya ujuzi huo. Pili, alitumia njia za halali: tume, mahakama, wanasheria. Tatu, watu wake hawakuchoka. Familia iliyokuwa ng'ambo ya bahari, maaskofu, wanashirika wenzake na wakili mmoja wa madhehebu mengine walivumilia miaka saba ili neno moja kwenye kumbukumbu ya mahakama libadilike, kutoka kujiua kuwa kuuawa.

Kwa waamini, tendo la huruma la kuzika wafu linaendelea hata baada ya kaburi kufunikwa. Mtu aliyeuawa anadai kwetu ukweli juu ya kifo chake. Panapotokea kifo cha mashaka kijijini, tusikimbilie kuzika ili tuwahi matanga. Tutoe taarifa, tukubali uchunguzi wa daktari, tuwe tayari kusema tulichokiona, na tukiona kwamba anayepeleleza ana upande, tuombe kwa adabu na bila woga apewe mwingine.

Tarehe 24 Agosti Kanisa linaadhimisha sikukuu ya Mtume Bartolomayo, ambaye mapokeo yanasema alikufa kwa kumshuhudia Kristo. Ndiyo siku mwili wa Padre Kaiser ulipookotwa kando ya barabara. Mwaka huu siku hiyo ikifika, tunaposimama mbele ya altare huku juu ya mlima, tumkumbuke jirani yetu wa upande wa pili, pamoja na wote ambao vifo vyao bado vinasubiri jibu.

Apumzike kwa amani.